Pesa Mkononi mwa Anayelea

Jumanne ya tarehe 6 Agosti 1946, akina mama wa Uingereza walipanga foleni kwenye posta za mitaa yao, kila mmoja na kitabu kidogo cha hati za malipo mkononi. Akifika dirishani, mama alitia saini, karani akagonga muhuri, akaichana hati ya wiki ile na kumhesabia shilingi 5 kwa kila mtoto kuanzia wa pili. Mtoto wa kwanza hakuhesabiwa, kwa kuwa serikali iliona mshahara wa baba unamtosha huyo. Fedha zenyewe zilikuwa kidogo. Jambo kubwa lilikuwa njia zilimopita: zilitoka hazina ya taifa zikaingia mkononi mwa mama bila kupitia kwa mwajiri wala kwenye bahasha ya mshahara wa mume.

Mwanamke aliyezipigania kwa karibu miaka 30 hakuiona siku hiyo. Eleanor Rathbone alifariki dunia tarehe 2 Januari 1946, miezi saba kabla, akiwa na umri wa miaka 73. Hakuolewa, hakuzaa, wala hakuwahi kuhitaji shilingi 5 za mtu yeyote, maana alizaliwa katika ukoo wa matajiri. Hata hivyo aliitumia sehemu kubwa ya uhai wake kuuliza swali ambalo lingali bichi Mombasa, Tanga na Bujumbura: anayeacha kazi ya mshahara ili amlee mtoto au amuuguze mzazi, yeye anakula nini?

Nimeifuata njia aliyoipita, kuanzia Liverpool hadi London, kisha nikaendelea nayo baada ya kifo chake, kupitia kwa wanawake wengine walioishika pale alipoiachia. Nchi nyingi hulijibu swali lile kwa kumsifu mama na kumwombea dua mwenye kuuguza. Historia hii inaonyesha kwamba kilichomlisha mlezi ni sheria, na kila sheria ilikuwa na mtu aliyeisumbukia mpaka ikapita.

Mji wa bandari

Anayekwenda Liverpool kumtafuta Rathbone huanzia Greenbank, nyumba ya ukoo wao karibu na bustani yenye ziwa upande wa kusini wa mji. Siku hizi ni mali ya Chuo Kikuu cha Liverpool. Ukoo wa Rathbone ulikuwa wa wafanyabiashara, na mji wao ndio uliopeleka meli nyingi za watumwa kuliko bandari nyingine yoyote ya Uingereza mwishoni mwa karne ya 18. Baadhi ya wakubwa wa ukoo huo waliipinga biashara ile hadharani, palepale ilipokuwa ikiwatajirisha majirani zao.

Mwaka 1859, Eleanor hajazaliwa bado, baba yake William Rathbone alifiwa na mke wake wa kwanza. Katika siku za mwisho za mgonjwa huyo, muuguzi aitwaye Mary Robinson alikuwa nyumbani akimhudumia. Baada ya msiba, Rathbone alijiuliza: ikiwa mgonjwa wa nyumba yenye kila kitu alipata nafuu kubwa hivi kwa kuuguzwa vizuri, hali ya maskini wanaougulia kwenye vyumba vya giza ikoje? Akamwajiri Mary Robinson kwa miezi mitatu azungukie nyumba za maskini. Mwezi haujaisha, muuguzi akarudi akilia, akiomba aachiliwe, kwa kuwa dhiki aliyoikuta ilimzidi. Rathbone alimsihi amalize muda wake. Miezi mitatu ilipotimia, Mary mwenyewe hakutaka kuacha. Hivyo ndivyo ulivyoanza uuguzi wa majumbani nchini Uingereza, na baadaye Rathbone alishauriana na Florence Nightingale namna ya kuwafunza wauguzi zaidi.

Katika nyumba hiyo ndimo alimokulia Eleanor, aliyezaliwa mwaka 1872. Aliporudi kutoka masomoni Oxford, alianza kutembelea familia za vibarua wa bandari. Wanaume hao walikuwa wakisimama gatini kungoja kuchaguliwa. Aliyechaguliwa alipata ujira wa siku, na aliyeachwa alirudi nyumbani mikono mitupu. Mwaka 1909 alitoa ripoti iliyofuatilia matumizi ya kaya hizo wiki baada ya wiki: mkate, chai, makaa, kodi ya chumba, na nguo zilizowekwa rehani. Mke wa kibarua hakujua Jumatatu kama Ijumaa kutakuwa na chochote. Alichokijua ni idadi ya midomo mezani, na hiyo haikupungua hata wiki ambayo meli hazikuja.

Mwaka huohuo alichaguliwa diwani wa kata ya Granby, akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuingia baraza la mji wa Liverpool. Nilipita Granby. Ni mtaa uliobadilika mara nyingi tangu enzi zake, ukapokea Wasomali, Wayemeni, watu wa Karibea na wa Afrika Magharibi, ukaachwa kuchakaa hadi nyumba zikazibwa milango kwa mbao, kisha wakazi waliobaki wakapanda maua na kupaka rangi kuta mpaka mitaa ikafufuka. Kazi ya kuzikarabati nyumba hizo ndiyo iliyopewa Tuzo ya Turner mwaka 2015. Rathbone aliiwakilisha kata hii kwa miaka mingi, na hoja zake zilianzia kwenye milango ya namna hii, akisikiliza hesabu za wanawake waliokuwa wakigawa kidogo.

Vita vilivyofungua macho

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka Agosti 1914, wanaume walichukuliwa kwa maelfu, na serikali ikaamua kuwalipa wake zao posho. Liverpool, aliyesimamia ugawaji wa msaada huo kupitia chama cha familia za askari na mabaharia alikuwa Eleanor Rathbone. Wengi walidhani wanawake wataitapanya fedha ile. Alichokiona yeye kilikuwa kinyume chake. Kwa mara ya kwanza mke wa kibarua alikuwa na kipato cha uhakika, kinachokuja kila wiki kwa jina lake, na kinachoongezeka kulingana na idadi ya watoto. Watoto walikula vizuri zaidi. Nguo zilikombolewa kutoka rehani. Rathbone akaona kwamba dola, ilipotaka, iliweza kumlipa mama kwa sababu tu ana watoto wa kulea.

Vita hivyohivyo vilipiganwa kwetu pia, na hapa njia hii inagusa historia yetu kwa uchungu. Waingereza walikusanya wapagazi laki kadhaa kutoka Kenya, Uganda, Nyasa na maeneo waliyoyateka ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, wengi wao kwa nguvu, wabebe risasi na chakula cha majeshi. Takriban 95,000 walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebaki na jina la kikosi chao. Mke wa mpagazi hakupewa posho kama ile ya mke wa askari wa Liverpool, na mishahara ya wengi waliofia porini haikuwafikia jamaa zao kamwe. Wanawake wale walilima, wakalea na kuomboleza kwa gharama zao wenyewe. Tukisoma historia ya posho za familia, tukumbuke kwamba dola ileile ilikuwa na vitabu viwili vya hesabu.

Kitabu cha 1924 na kura ya 1945

Vita vilipokwisha, posho za wake wa askari zilikoma. Rathbone alikuwa ameunda kamati pamoja na wenzake tangu 1917, na mwaka 1924 akachapisha kitabu *The Disinherited Family*. Hoja yake ilikuwa rahisi kuielewa na ngumu kuijibu. Mfumo wa mishahara ulidai kumlipa kila mwanaume kiasi cha kulisha mke na watoto. Lakini kapera alipata mshahara uleule wa baba wa watoto sita, naye mjane mwenye watoto sita akalipwa nusu, kwa kisingizio kwamba mwanamke hana familia ya kutunza. Basi tenganisheni mambo hayo, alisema: kazi sawa ilipwe sawa, mwanaume kwa mwanamke, na gharama ya kulea watoto ibebwe na taifa zima, kwa kuwa taifa zima ndilo litakalokuja kuwategemea watoto hao.

Alipingwa kutoka pande zote. Vyama vya wafanyakazi viliogopa kwamba waajiri wangeitumia posho kama sababu ya kupunguza mishahara. Wahafidhina walisema baba atapoteza ari ya kufanya kazi. Hata baadhi ya watetezi wa haki za wanawake walimwona kama anayewarudisha wanawake jikoni. Aliwajibu mmoja mmoja, mwaka baada ya mwaka, na tangu 1929 akawajibu akiwa ndani ya Bunge kama mbunge huru asiye na chama. Miongoni mwa waliosoma kitabu chake na kugeuka alikuwa William Beveridge, aliyeanzisha posho za watoto kwa wafanyakazi wa chuo alichokiongoza, London School of Economics. Ripoti maarufu ya Beveridge ilipotoka Desemba 1942, posho za watoto zilikuwa nguzo yake mojawapo. Alipendekeza shilingi 8 kwa kila mtoto baada ya wa kwanza. Serikali ikashusha hadi 5.

Mswada ulipoletwa bungeni mapema mwaka 1945, ulikuwa na kasoro moja iliyomtoa Rathbone kwenye kiti. Fedha zilikuwa mali ya baba. Mzee huyu wa miaka 72, aliyesubiri sheria hiyo tangu vita vya kwanza, alitangaza kwamba kama kipengele hicho hakitabadilishwa ataupigia kura ya hapana mswada wake mwenyewe. Alijua kutoka milango ya Granby kwamba fedha inayopita mkononi mwa baba haifiki yote mezani, na kwamba kumpa mwanaume malipo ya kazi anayoifanya mwanamke ni kusema kazi hiyo haina mwenyewe. Wabunge waliachiwa wapige kura kwa dhamiri zao, na mama akashinda. Sheria ilikamilika Juni 1945.

London, kwenye jengo la Tufton Court, mwendo mfupi kutoka Bungeni, pana kibao cha buluu ukutani kinachomtaja kama mwanzilishi wa posho za familia. Mtu anaweza kupita pale asikione. Lakini kila mzazi anayepokea posho ya mtoto Uingereza leo amefikiwa na kazi iliyofanywa na mkazi wa jengo lile.

Posho hiyo ilibaki ndogo kwa miongo mitatu, sambamba na nafuu ya kodi iliyomwendea baba. Mwaka 1975 waziri Barbara Castle alipitisha sheria ya kuunganisha vyote viwili kuwa posho moja ya mama, ikiwa ni pamoja na mtoto wa kwanza. Mwaka uliofuata aliondolewa kwenye baraza la mawaziri, na wenzake wakaanza kuizika sheria hiyo kimyakimya, wakihofia hasira za wanaume watakapoona mshahara wa kwenda nao nyumbani umepungua. Juni 1976 kumbukumbu za siri za mawaziri zilivuja, na Frank Field, aliyeongoza kampeni dhidi ya umaskini wa watoto, akazianika magazetini. Kelele zilikuwa kubwa hata serikali ikarudi nyuma, na malipo yakaanza kwa awamu Aprili 1977. Tangu Eleanor Rathbone afariki ilikuwa imepita miaka 31, na mtoto wa kwanza ndiyo kwanza anahesabiwa.

Binti aliyebaki nyumbani

Kulea mtoto kuna mwisho wake, maana mtoto hukua akaenda zake. Kumuuguza mzazi aliyepooza hakuna kalenda. Kazi hii Rathbone hakuigusa sana, na ilingoja mtu mwingine.

Mwaka 1954 mchungaji wa kanisa la Kikongregesheni, Mary Webster, aliacha kazi yake akiwa na umri wa miaka 31 ili awatunze wazazi wake wazee. Alikuwa hajaolewa, na desturi ya Uingereza wakati ule ilikuwa kama ya kwetu hadi leo: kukiwa na binti asiye na mume, ndiye atakayebaki na wazee. Kazi ikaisha, mshahara ukaisha, na michango ya pensheni yake ya uzeeni ikakatika. Marafiki walipungua, kwa kuwa mtu asiyeweza kutoka nyumbani saa mbili hawezi kutunza urafiki. Mwaka 1963 aliandika barua magazetini kueleza maisha hayo, akiyafananisha na kifungo cha nyumbani.

Majibu yalimiminika. Wanawake waliokuwa kila mmoja akidhani yuko peke yake waligundua kwamba ni umati. Kulikuwa na walimu, makarani na wauguzi walioacha kazi wakiwa na miaka 40, wakauguza kwa miaka 15, kisha wakamzika mzazi na kujikuta hawana kazi, hawana akiba, na wakati mwingine hawana hata nyumba, kwa kuwa ilikuwa imepangishwa kwa jina la marehemu. Mwaka 1965 Webster alianzisha baraza la kuwatetea wanawake wasioolewa wenye kutunza jamaa zao. Mwaka 1967 walipata nafuu ya kodi. Webster alifariki mwaka 1969, kabla ya ushindi mkubwa kuja. Mwaka 1971 ikaja posho ya mgonjwa anayehitaji kuhudumiwa, na mwaka 1976 ikaja posho ya yule anayemuuguza mwenyewe.

Sheria hiyo ya 1976 ilikuwa na shimo. Mwanamke aliyeolewa, au anayeishi na mwanaume, hakustahili. Sababu iliyotolewa na serikali ni kwamba mwanamke wa namna hiyo angekuwa nyumbani hata hivyo. Mwanaume mwenye mke alistahili, na mwanamke asiye na mume alistahili, lakini mke wa mtu, ambaye ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya kazi hiyo nchini, alihesabiwa kuwa hajapoteza chochote.

Mwaka 1984 Jacqueline Drake, mwanamke aliyeolewa, aliacha kazi ili amtunze mama yake mwenye ulemavu mkubwa aliyehamia kwake. Aliomba posho, lakini sheria ilimnyima kwa sababu ya ndoa yake. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Ulaya kule Luxembourg, kwa hoja kwamba Uingereza imevunja sheria ya Ulaya ya usawa katika hifadhi ya jamii. Hukumu ilipangwa kusomwa tarehe 24 Juni 1986. Tarehe 23 Juni serikali ikatangaza kwamba wanawake walioolewa nao watalipwa. Kesho yake mahakama ikampa ushindi.

Wakati huohuo Judith Oliver, aliyekuwa akimtunza mume wake mwenye ulemavu, alikuwa ameanzisha mwaka 1981 chama cha kila anayeuguza: mume, mke, mtoto, ndugu au jirani. Chama chake na kile alichokianzisha Webster viliungana mwaka 1988, na leo vinajulikana kama Carers UK.

Kazi isipotee

Posho ni nusu ya jambo. Nusu ya pili ni kuhakikisha anayelea hafukuzwi kazini kwa kulea. Hadi 1975 mwajiri wa Uingereza aliweza kumwachisha kazi mwanamke kwa sababu ya ujauzito, na sheria isiseme neno. Sheria ya mwaka huo ilipiga marufuku jambo hilo, ikampa mama malipo ya uzazi na haki ya kurudi kazini hadi wiki 29 baada ya kujifungua, ingawa kwa sharti la kuwa amefanya kazi pale miaka miwili. Mwaka 1999 mfanyakazi alipata haki ya kutoka kazini kwa dharura ya mtu anayemtegemea, kama mtoto akizidiwa shuleni au mzazi akianguka bafuni. Mwaka 2003 baba naye alipata wiki mbili za likizo ya malipo, na wazazi wa watoto wadogo wakapata haki ya kuomba saa zinazolingana na malezi. Mwaka 2007 haki hiyo ikawafikia wanaotunza wagonjwa watu wazima. Tangu Aprili 2024 kila mfanyakazi anayemtunza jamaa ana wiki moja ya likizo kwa mwaka kwa kazi hiyo, japo haina malipo.

Tusidhani njia imefika mwisho. Katika mwaka wa fedha ulioanza Aprili 2025, posho ya anayeuguza ilikuwa pauni 83.30 kwa wiki, na sharti ni auguze angalau saa 35. Gawanya uone: ni pauni 2.38 kwa saa, wakati kima cha chini cha mshahara kisheria kilikuwa pauni 12.21. Na mtu akifanya kibarua pembeni, akapata hata pauni moja juu ya kikomo kilichowekwa, alipoteza posho yote ya wiki ile. Mwaka 2024 ilibainika kwamba maelfu ya wenye kuuguza wamedaiwa warudishe fedha zilizolimbikizana kwa miaka kwa makosa madogo ya namna hiyo, ilhali idara husika ilikuwa na taarifa za mapato yao na haikuwaonya mapema. Watu waliokuwa wakiwageuza wazazi wao kitandani usiku waliitwa wadaiwa wa serikali.

Mikono yetu katika nyumba zao

Hapa pana jambo linalowagusa Waswahili moja kwa moja. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilisaini makubaliano ya kupeleka wahudumu wa afya wa Kenya kufanya kazi Uingereza. Kabla na baada ya hapo, wanawake kwa wanaume kutoka Afrika Mashariki wamekuwa katika nyumba za wazee huko, wakiwaogesha, wakiwalisha na kuwashika mkono saa ya mwisho. Wanalipa kodi na michango. Lakini wengi wao viza zao zina sharti la kutopokea msaada wa umma, kwa hiyo hawapati posho ya mtoto wala posho ya mwenye kuuguza. Na kuanzia tarehe 11 Machi 2024 hadi njia hiyo ilipofungwa kwa waombaji wapya kutoka nje Julai 2025, mfanyakazi aliyekuja kwa viza ya utunzaji hakuruhusiwa kuja na mume, mke wala watoto. Mama alimwacha mtoto wake kwa bibi Kisumu au Machakos ili akamtunze bibi wa watu wengine Leeds, na hakuna sheria ya upande wowote inayomhesabu bibi wa Kisumu kama mtu anayefanya kazi.

Nyumbani nako tumepiga hatua, na ni haki kuzitaja. Kenya ilianza mwaka 2004 kwa majaribio ya kuzipa fedha kaya 500 zinazolea yatima katika Kwale, Garissa na Nairobi, mpango uliokuja kuenea nchi nzima na kuongezewa wazee na watu wenye ulemavu mkubwa. Sheria ya Ajira ya 2007, kwa marekebisho yaliyosukumwa na mbunge Njoki Ndung'u, ilimpa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi yenye mshahara kamili bila kunyang'anywa likizo yake ya mwaka, na baba wiki mbili. Tanzania, kwa sheria ya 2004, inampa mama siku 84, au 100 akijifungua mtoto zaidi ya mmoja, na baba siku 3; mwaka 2025 sheria ilirekebishwa ili mama wa mtoto njiti asihesabiwe likizo kabla ya kutimia wiki 40 za ujauzito. Mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii wa Tanzania, umechagua kuwakabidhi fedha hasa wanawake, chaguo lilelile ambalo Rathbone alilipigania mwaka 1945.

Lakini likizo hizo ni za wenye mkataba wa ajira. Muuza samaki wa Feri, mama lishe wa Kisutu na mkulima wa Muheza hawana mwajiri wa kuwapa siku 84. Na kwa anayeuguza mtu mzima, sheria ya Tanzania ya 2004 ilivyoandikwa inampa mfanyakazi siku 4 za malipo mtoto wake akiugua au kufariki, na siku 4 hizo akifiwa na mzazi. Imempa ruhusa ya kwenda kumzika mama yake, wala haikutaja siku moja ya malipo ya kumuuguza akiwa hai.

Hili si jambo la kusubiri mpaka nchi iwe tajiri. Uingereza ilipitisha posho za watoto mwaka 1945 ikiwa imefilisika kwa vita, chakula kikigawiwa kwa kadi. Mambo matatu yanawezekana sasa: kuandika katika sheria zetu za kazi siku za malipo za kumuuguza mzazi na mwenza, kuhakikisha fedha za mipango ya kaya maskini zinamfikia yule anayefanya kazi ya kulea na kuuguza, kwa jina lake, na kumhesabia miaka hiyo katika mifuko ya hifadhi ya jamii, ili aliyemtunza mzazi kwa miaka kumi asizeeke bila pensheni. Mbunge wako anaweza kuulizwa hayo matatu. Kama unamtunza mtu nyumbani leo, andika hesabu ya saa zako na ya ulichokikosa, uiweke hadharani pamoja na za wenzako, kama walivyofanya wanawake walioijibu barua ya Mary Webster. Sheria zile zote zilianza kwa hesabu za namna hiyo.